Kichwa cha Chiriku

Wifi yangu hamwambii mteja ageuze kichwa. Humgonga kwa kidole chini ya taya, taratibu, mara mbili, na kichwa kinakwenda upande anaoutaka. Ukigongwa hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti chake cha plastiki hujui hata kama umetii. Unashtukia tu kwamba sasa unatazama ukuta badala ya mlango. "Mdomo ni wa umbea," husema, "mikono ndiyo ya kazi." Ndiyo maana maongezi ya pale kwake hayakatiki.

Ni msusi. Saluni yake ni kibaraza cha nyumba ya kaka yangu: kiti, benchi la wanaosubiri, kioo chenye ufa pembeni, beseni, birika la umeme, na mafungu ya rasta yaliyoning'inia kwenye misumari. Kinyozi hajinyoi, na yeye hufunga kitambaa mwaka mzima. Kichwa cha binti yake ndicho kilichokuwa bango la biashara. Mtindo wowote mpya ulianzia kwa mtoto, na mtoto akautembeza mtaani hadi akina mama wakaanza kuuliza bei.

Huyo mtoto tulimwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Huongea akisukwa, akila, akioga, na usingizini huongea kidogo. Mama yangu, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu humwita mke mwenzangu, alikuwa akisema, "Huyu akiolewa, mumewe atakuwa anakwenda kazini hata Jumapili."

Ninayaeleza haya ili ieleweke ilikuwaje siku ile ambayo Chiriku alilala kimya kwenye kitanda cha chuma katika wodi ya watoto, na mama yake akamgonga chini ya taya, na kichwa hakikwenda popote.

Ilianza na jambo ambalo kila msusi amelisikia mpaka amelizoea. Mtoto alikuwa amesukwa rasta nyembamba, mistari imevutwa vizuri kwenye paji la uso, na baadaye akasema kichwa kinamuuma.

"Nywele mpya hizo," mama yake akamjibu. "Zitalegea."

Watu wazima nao husema hivyohivyo, na usiku wa kwanza hulala kifudifudi. Kwa hiyo wifi alifanya anachowafanyia wateja: akaloweka taulo kwenye maji ya vuguvugu akamkanda, akalegeza mistari ya mbele, akampa kidonge cha maumivu. Chiriku akaenda shule. Akarudi, kichwa bado. Mama yake akafumua mstari mzima wa mbele na kuusuka upya, safari hii mlegevu kabisa, akijilaumu kwa mkono wake mzito. Homa ilipopanda wakaenda zahanati, wakapewa dawa ya homa. Kisha mtoto akaanza kukosea majina ya vitu. Alitaka kikombe akaomba kiatu. Nyumba nzima ikacheka, naye akacheka pia, akatoa ulimi. Asubuhi iliyofuata alitapika, na alipojaribu kusimama, mguu wa kulia ukamsaliti.

Nilipofika hospitali, picha ya kichwa ilikuwa imekwisha kupigwa. Kaka yangu alikuwa mbali, njiani na lori, simu yake inashika na kukatika. Kwa upande wa ukoo wetu nilikuwapo mimi, na mama alikuwa anakuja.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza kama ya mtu aliyetoka kupona mafua. Hakuketi. Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama wifi machoni.

"Mama, ndani ya kichwa cha mtoto kuna usaha. Umekusanyika upande wa kushoto, juu ya sikio. Ndio unaombana, ndio unaomlaza hivi. Leo mchana tutautoa."

"Atapona?"

"Tukiutoa mapema, ana nafasi nzuri. Lakini upande huo ndio wenye maneno. Anaweza kuamka asiongee. Sisemi hataongea, nasema anaweza."

Wifi aliitikia kwa kichwa kama anayepokea maelekezo ya njia.

"Sasa nisikilize," daktari akaendelea. "Usaha hauanzi wenyewe. Sikio la kushoto limevimba, tundu limeziba, sioni ndani. Huenda ndilo chanzo, huenda limevimba tu kwa yaliyo jirani yake. Likiwa ndilo chanzo, kuutoa usaha wa kichwani hakutoshi, utarudi. Lazima daktari wa masikio aingie pamoja nami alisafishe hadi kwenye mfupa. Daktari huyo leo ana wagonjwa wake, na akimaliza anaondoka. Siwezi kumtoa huko kwa kubahatisha. Kwa hiyo nakuuliza. Sikio hili limewahi kutoa maji? Uchafu? Kuna kitu kimewahi kuingia?"

Mkononi wifi alikuwa na kitana chake chenye mkia mrefu. Nadhani alikuwa ametoka nacho nyumbani bila kujua. Nilimwona akikigeuza, meno chini, mkia juu.

"Hapana," akasema. "Halijawahi."

"Una hakika?"

"Sikio halina neno, daktari. Ni kichwa tu."

Daktari alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akaondoka. Akiwa mlangoni alisema na muuguzi kuhusu nywele.

Muuguzi alikuja na mkasi mkubwa na mashine ya kunyolea. Alikuwa dada mnene, mchangamfu, wa kuonekana amekwisha kuona mengi. "Haya, mama, kichwa kinatakiwa kiwe kama yai. Nakata hizi, kisha napitisha mashine."

"Sista, niache nifumue mwenyewe."

"Mama, hapa si saluni."

"Najua si saluni. Ukikata na mkasi utavuta, na hataki kuguswa upande ule. Mimi sitamvuta. Wakija kumchukua sijamaliza, kata."

Muuguzi alinitazama mimi, mimi nikaitazama sakafu. "Fumua basi," akasema. "Ila nikirudi sitaki kusikia habari ya mstari mmoja umebaki."

Tukaanza. Yeye upande wa kulia, mimi kisogoni. Rasta nyembamba zina tabia ya kukufanya ujione mjinga. Nilikuwa nimefumua moja na nusu, kwake ngozi ya kichwa ilikuwa inaanza kuonekana.

"Wifi," akasema bila kuinua macho, "hivyo vyeti vyako vyote, na hapo umeshindwa na nywele za mtoto."

"Mliosuka ndio wenye makosa. Mmesuka kama mnafunga mzigo wa magendo."

Ni utani wetu wa siku zote, ulitutoka wenyewe, na mara tu ulipotoka tuliona aibu. Chiriku hakuucheka. Macho yake yalikuwa nusu wazi, yanatazama kitu karibu na dari. Dripu ilidondoka. Kwenye kitanda cha jirani mtoto mwingine alikuwa akilia kwa sauti ileile moja, bila kupanda wala kushuka, na mama yake akimpepea kwa kifuniko cha boksi.

Wifi alimaliza upande wa kulia. Akanyoosha kidole, akamgonga mtoto chini ya taya, mara mbili.

Kichwa hakikwenda.

Akagonga tena. Nilimwona anavyosubiri, kidole kimebaki hewani. Tangu Chiriku alipoanza kukaa, kabla hajajua kutembea, alikuwa akigongwa hivyo na kugeuka. Ni lugha aliyoijua kabla ya lugha yenyewe, na sasa hakuisikia. Wifi akakiinua kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kama unavyogeuza chungu kilichojaa.

Wakati huo mama yangu aliingia, amebeba shuka na chupa ya chai, anahema kwa ngazi. Aliinama juu ya kitanda. "Mke mwenzangu," akaita. "Leo umeninyima hata tusi?" Hakujibiwa. Akakaa kwenye kiti cha ukutani, akaweka mkoba mapajani, akanyamaza. Mama akinyamaza nyumba nzima hujua. Ni mwanamke mwema, lakini ulimi wake hauna mlango, na wifi ameishi naye kwa miaka yote kama mtu anayeishi jirani na barabara kuu: amezoea, ila huangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka.

Upande wa kushoto wifi alifanya kazi polepole zaidi. Zilibaki rasta za pembeni ya sikio. Alipoinua ya kwanza, ilikuwa imegandana na ngozi, na harufu ilitoka. Haikuwa kali. Hata hivyo mtu anayeinamia vichwa kutwa hajui kupuuza harufu ya kichwa. Mikono yake ilisimama.

"Wifi," akanong'ona. "Sogea."

Nilisogea mpaka mabega yetu yakagusana. Alizungumza akiendelea kufumua, midomo haichezi sana, kama anavyozungumza habari za mteja ambaye bado yuko mlangoni.

"Nikimaliza kusuka rasta nachovya ncha kwenye maji ya moto. Unajua."

"Najua."

"Mtoto namtia pamba masikioni kwanza. Maji yasiingie. Siku ile nilimtia. Nilipomaliza nikafagia, nikaona pamba moja juu ya taulo. Moja. Nikasema nyingine imekwenda na ufagio."

Niliitazama rasta iliyokuwa mkononi mwake.

"Alikuwa ananiita halafu anauliza, 'Umesema?' Nikasema huyu sasa ananijibu jeuri." Akaitenga rasta nyingine. "Na hili sikio lilikuwa linatoa maji tangu zamani, akipata mafua. Yanakauka yenyewe. Ndiyo maana pamba ya upande huu niliisukuma vizuri. Niliisukuma mimi, kwa kidole hiki."

"Mwambie daktari."

"Nimekwisha sema hapana."

"Kaseme tena."

Ndipo aliponitazama. "Mbele ya mama? Na kaka yako akifika? Kwenu nitaitwa nani, wifi? Mwanamke aliyemziba mtoto sikio kwa pamba akampa kidonge cha maumivu. Hilo litasimuliwa mpaka wajukuu zako. Na akifa," akakibana kitana kiganjani, "akifa, nitakuwa nimelisema kwa mdomo wangu mwenyewe."

Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua. Kuitumia ni rahisi pale anayeficha ni wa nyumba ya pili. Huyu alikuwa bega kwa bega nami, kitana mkononi, na mimi ni dada wa mumewe. Neno langu lolote lingekuwa neno la ukweni. Ningeweza kuinuka nikamweleza daktari mwenyewe, na kweli niliinuka nusu. Aliniwekea mkono gotini. Haukuwa mkono wa kunizuia. Ulikuwa wa kuomba nafasi.

Nikakaa. Nikaitazama rasta ya mwisho ikifumuka, na sikuwahi kuona nywele zinazochukua muda mrefu hivyo.

Muuguzi alirudi, akanyoa. Mashine ilipopita upande wa kushoto Chiriku alikunja uso na kutoa sauti nyembamba, sauti ya kwanza tangu asubuhi. Chini ya nywele kichwa kilikuwa kidogo, kimepauka, na nyuma ya sikio ngozi ilivimba na kung'aa. Wifi alikusanya nywele na rasta zilizoanguka, akazitia kwenye mfuko, akaufunga fundo, akaufungua, akaufunga tena.

Machela ilikuja. Tulifuatana nayo ukumbini, magurudumu yakilalamika. Mama alikuwa nyuma, ameshika ncha ya shuka la mtoto. Kwenye milango ya chumba cha upasuaji daktari alikuwa akitusubiri, tayari amevaa kofia ya kazi. Muuguzi akasema, "Hapa ndio mwisho wenu, akina mama. Mbusuni."

Wifi alimbusu mtoto kwenye paji. Kisha akasimama wima, na badala ya kuachia machela akaikamata kwa nguvu.

"Daktari. Kuna pamba ndani ya sikio."

Daktari aligeuka.

"Niliitia mimi, nilipokuwa namsuka, maji ya moto yasiingie. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto sikuiona ikitoka. Na sikio hilo limekuwa likitoa maji mara kwa mara, zamani, kabla ya haya yote. Uliponiuliza nilikudanganya."

Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa ukumbi ule ulikuwa mtupu sauti ilikwenda mbali. Sikugeuka kumtazama mama. Nilisikia tu mkoba wake ukidondoka.

"Tangu lini limekuwa likitoa maji?" daktari akauliza.

"Tangu mdogo. Akipata mafua."

"Umempa dawa yoyote ya sikio?"

"Hapana. Kidonge cha maumivu tu, na dawa ya homa ya zahanati."

Daktari hakumlaumu wala hakumpoza. Alimgeukia muuguzi. "Kimbia kamwone daktari wa masikio, mwambie nina mtoto, asiondoke. Mwambie asivue hata viatu." Kisha akasema, "Ahsante, mama. Sasa achia." Wifi akatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaachia. Milango ikapigana mara kadhaa, ikatulia.

Kusubiri nje ya mlango wa namna ile hakuna wa kukufundisha. Tulikaa kwenye benchi la mbao, wifi katikati, mimi huku, mama kule. Mama alikuwa ameokota mkoba wake. Nilijua ulimi wake, nikausubiri kama mtu anayesubiri ngurumo baada ya kuona mwanga. Wifi naye aliusubiri. Alikaa mabega yamejikunja, mfuko wa nywele mapajani.

Daktari wa masikio alipita mbele yetu haraka, mtu mrefu, anafunga kamba za kofia huku anatembea. Milango ikammeza. Angalau hilo limewezekana.

Mama akakohoa.

"Nilikuwa namsimulia hadithi," akasema, "na yeye kila mara anahama. Anakuja kukaa huku, mkono wangu wa kushoto, ananigeuzia sikio la kulia. Nikamwambia wewe mtoto una viroboto? Tulia sehemu moja." Akauweka mkoba pembeni. "Sikuuliza kwa nini anahama."

Akafungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akampa wifi. "Kunywa, mwanangu. Kilichosemwa pale mlangoni kimesikiwa na mimi na wewe na huyu. Mume wako utamweleza mwenyewe. Mimi sitakutangulia."

Wifi alipokea. Hakunywa. Alishika kifuniko kwa mikono miwili mpaka chai ikapoa, na ilipopoa mama akaimwaga, akamimina nyingine. Walifanya hivyo mara nyingi mchana ule, na chupa ikaisha bila mtu kunywa.

Mara simu ya wifi ikaita. Alikuwa kaka. Wifi aliitazama ikiita, akaipokea. "Bado wako ndani," akasema. "Endesha taratibu. Kuna jambo nitakueleza ukifika, si la simu. Ndiyo, ni la kwangu. Endesha taratibu tu." Simu ikakatika yenyewe.

Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye madirisha ya ukumbi daktari alipotoka. Alivua kofia, na nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myepesi ya kulala, iliyoanza kufumuka. Nilimwona wifi akiiona. Mazoea ni mazoea.

"Usaha tumeutoa, wote tuliouona. Sikio tumelisafisha. Mfupa wa nyuma yake ulikuwa umeoza kidogo, na hilo si la juzi. Sikio liliugua muda mrefu."

"Na pamba?"

"Pamba tumeikuta." Hakuharakisha. "Pamba peke yake haiwezi kufanya haya. Ila iliziba njia, maji yaliyokuwa yakitoka nje yakakosa pa kutokea. Sitakuambia haikuchangia. Na nikuambie jingine: usingesema, nisingemwita mwenzangu, ningefunga na kuondoka, na ungenirudishia mtoto huyu akiwa katika hali mbaya zaidi ya leo. Yote mawili ni kweli, yabebe yote."

"Ataongea?"

"Sijui. Amepumua mwenyewe. Sasa tunataka kuona kama anatuelewa. Njoo mmoja."

Aliingia wifi. Mimi nilibaki mlangoni, mlango ukiwa na kioo kidogo, na muuguzi aliuacha wazi kiasi.

Chiriku alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, uso umebaki kama wa mtoto wa mtu mwingine. Muuguzi alikuwa ameinama. "Mrembo, nibane kidole. Bana." Vidole havikubana. "Nitolee ulimi. Ulimi, kama unanitukana." Ulimi haukutoka. Macho yalifunguka, yakazunguka dari, yakafumba. Daktari aliandika kitu, akatazama saa ya ukutani, na sikuupenda utulivu wake.

"Mwite wewe, mama," muuguzi akasema. "Sauti ya mama huwa inapita."

Wifi alifungua mdomo. Nilidhani angeita jina. Mdomo ukafunga tena. Hakuwa mtu wa amri za mdomo, hata siku hiyo. Aliweka mfuko wa nywele chini, akajifuta kidole kwenye kanga, akakipeleka chini ya taya upande usio na jeraha. Akagonga, taratibu, mara mbili.

Hakuna aliyepumua pale, labda isipokuwa Chiriku.

Kidogokidogo, kama mtu anayegeuka ndani ya usingizi mzito, kichwa kilichofungwa kikaanza kwenda. Kidevu kilishuka, shavu likalala kwenye mto, upande uleule alioelekezwa. Kisha kikatulia pale, kinasubiri, kama anavyosubiri siku zote kibarazani mama yake aanze mstari mwingine.

"Umemwambia nini?" daktari akauliza.

Kiganja cha wifi kilikuwa kimebaki kwenye taya la mtoto, na vidole, kwa mazoea, vilikuwa vikitafuta nywele za kushika.